Siku yangu moja chekechea ya Waldorf, Dar: Alhamisi ya chapati

Watu wakisikia nafundisha chekechea ya Waldorf, mfumo wa elimu ulioanzia Ujerumani, swali la kwanza huwa "wanasoma nini?" na nikijibu leo wamekanda unga naona sura inabadilika kabisa. Kwa hiyo nimeamua niandike siku nzima saa kwa saa. Nimechagua Alhamisi kwa sababu ndo siku ya chapati na ndo siku ya kikao cha walimu, kwa hiyo ni ndefu kuliko zote.

Saa 11 alfajiri
Naamka, naoga, chai ya haraka, natoka. Usiku kabla sijalala nakuwa nimeshawapitisha watoto wote kichwani mmoja mmoja, sura yake, alivyotembea, alivyonuna, alivyocheka. Hiki ni kitu walimu wa Waldorf tunafundishwa na wengi wetu tunakifanya kweli, kwa hiyo asubuhi nikiwa kwenye daladala la Tegeta nimebanwa mlangoni najua tayari leo jicho langu litakuwa kwa nani zaidi. Leo ni kwa kabinti kamoja ka miaka minne ambako wiki hii yote kanashika watoto wenzake nguo wasiondoke.

Saa 1 asubuhi
Nafika, simu naizima naiweka kwenye mkoba na mkoba unaingia kabatini mpaka watoto waondoke. Darasani hamna skrini yoyote, hamna redio, hamna mabango ya a e i o u ukutani. Kuta zimepakwa rangi ya waridi iliyopooza, kuna vikapu vya makombe ya pwani, vifuu vya nazi, mbegu za mkwaju, vipande vya mbao vilivyopigwa msasa, khanga na vitenge vya kujengea nyumba. Ulaya wanatumia hariri na sufu ya kondoo, sisi wanasesere wetu tumewashona wenyewe kwa pamba na ndani tumejaza sufi ya msufi, na kwa joto la Dar sufi ni nzuri zaidi, haichomi. Sura ya mwanasesere ni nukta mbili za macho na mdomo mdogo sana, basi. Mtoto anamalizia mwenyewe, sasa hivi analia, baada ya dakika tano amelala, kesho ana homa. Mwanasesere wa dukani mwenye tabasamu kubwa anatabasamu hata akiwa mgonjwa, mtoto hana kazi ya kufanya hapo.

Nafagia. Mwenzangu anachota maji na kuosha meza. Tungeweza kumwachia mfanyakazi lakini tunataka watoto wa kwanza wakifika watukute tunafanya kazi.

Saa 1:30
Nasimama mlangoni. Kila mtoto namshika mkono, namwangalia usoni, "shikamoo mwalimu", "marahaba mwanangu, karibu". Waldorf wanataka hii salamu ya mkono dunia nzima lakini huku pwani tulishakuwa nayo siku nyingi, hatujafundishwa na mtu. Mkono unaniambia mengi, kuna mkono wa baridi, kuna mkono wa moto wa mtoto ambaye hajalala vizuri, kuna mkono unaojivuta haraka. Kabinti kangu leo kameshika mkono wangu na hakajauachia, basi tumeingia wote mpaka kwenye meza ya unga.

Saa 2
Sasa hapa ndo roho ya kazi yetu na naomba mnivumilie kidogo.

Watoto wako ishirini, wa miaka 3 mpaka 6 darasa moja, wamechanganyika makusudi. Wanacheza. Hakuna anayewapangia. Viti vimepangwa mstari vimekuwa daladala, kuna konda wa miaka mitano anapiga bodi ya mbao na kiganja "sogea nyuma kuna nafasi, mama na mtoto pisha hapo", kuna abiria wamebeba wanasesere mgongoni kwa khanga, kuna mmoja amejifunika kitenge chini ya meza anasema yeye ni kobe asisumbuliwe. Mimi niko mezani nakanda. Unga wa ngano, maji ya vuguvugu, chumvi, mafuta kidogo. Siiti mtu. Nakanda taratibu, kwa mikono miwili, vizuri, kama vile nakanda nyumbani kwangu kwa wageni ninaowaheshimu, na baada ya muda wanakuja wenyewe, mmoja, wa pili, wa tatu, wananawa, nampa kila mmoja donge lake.

Rudolf Steiner, mwanzilishi wa huu mfumo wa Waldorf, alisema mtoto mdogo anajifunza kwa kuiga, si kwa kuelezwa. Ukishaamini hilo kazi ya mwalimu inakuwa ngumu zaidi maana huwezi kujificha nyuma ya ubao. Ukikanda kwa hasira wanakanda kwa hasira. Ukisema "kuwa mpole" huku sauti yako imepanda wanachukua sauti wanaacha maneno. Kwa hiyo naongea kidogo sana asubuhi, wageni wanaona kama nimewanunia watoto, hapana, nawaachia nafasi.

Kabinti kamesimama ubavuni kwangu robo saa nzima kanakanda. Halafu kakaacha donge, kakaenda kwenye daladala kakasema "konda nishushe hapa". Ndo mara ya kwanza wiki hii kanaingia mchezoni bila kumshika mtu nguo. Sikusema kitu, nikaendelea kukanda ila moyoni nilifurahi sana.

Ugomvi upo, msidhani ni peponi. Leo wawili wamegombania msukumio mpaka mmoja akang'ata. Simuulizi "kwa nini umemng'ata", mtoto wa miaka mitatu hana jibu la kwa nini. Aliyeng'atwa tumemwekea kitambaa cha maji baridi, aliyeng'ata ndo ameshika bakuli la maji, mikono yake imepata kazi nyingine.

Saa 3:15
Naanza kuimba wimbo wa kukusanya vitu. Sisemi "haya muda umeisha", naimba tu na kuokota makombe, na wakubwa wanaanza, wadogo wanafuata. Wimbo ni uleule kila siku. Vitu karibu vyote vinavyojirudia kwetu vina wimbo wake, kunawa, kuvaa viatu, kukaa mezani, kwa hiyo siku nzima sipazi sauti kuamrisha. Koo inachoka ndiyo, nakunywa maji ya tangawizi.

Baada ya hapo duara. Tunashikana mikono, mashairi, kupiga makofi, kutembea kwa vidole kama paka, kukanyaga kama tembo, kutwanga, kupepeta, kuvuta nyavu. Nyimbo nyingi ni zile za michezo tuliyocheza sisi mitaani kabla ya katuni, zingine nimewauliza bibi zangu. Duara moja linakaa wiki tatu hivi, halibadiliki, na mtoto ambaye wiki ya kwanza anatazama tu wiki ya tatu anaongoza.

Siku yetu inakwenda kwa kuvuta na kutoa pumzi, ndivyo tunavyosema. Kucheza ni kutoa, duara ni kuvuta, nje ni kutoa, hadithi ni kuvuta. Ukimwambia mtoto atulie saa mbili mfululizo umemziba pumzi, na ukimwacha akimbie asubuhi nzima naye anachanganyikiwa anaanza kulia bila sababu. Mwalimu mpya ukimuona watoto wake wamevurugika mara nyingi utakuta amekosea hapo, tabia ya watoto haina shida yoyote.

Saa 4
Chapati na chai ya mchaichai. Kila siku ina nafaka yake, Jumatatu wali, Jumanne uji wa mtama, Jumatano uji wa ulezi, Alhamisi ngano, Ijumaa makande. Chekechea za Ulaya nazo Jumatatu ni mchele ila baadaye wanaenda kwenye shayiri na nafaka za baridi ambazo huku ni tabu kupata, na sioni sababu ya kuzitafuta wakati ulezi na mtama ni vyetu. Mtoto wa miaka mitatu hajui "leo Alhamisi" ila anajua harufu ya chapati, na anajua kesho ni makande, keshokutwa ni nyumbani na baba.

Nawasha mshumaa, tunasema shairi fupi la kushukuru ardhi na jua na mvua na mkulima. Darasani nina watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, wa kusema bismillahi anasema, wa kufanya ishara ya msalaba anafanya. Wakubwa wa miaka sita ndo wanagawa, na kila mtu anaitambua chapati yake, hata ile yenye umbo la ramani ya Afrika anaila yeye mwenyewe kwa fahari kubwa.

Saa 4:45
Nje. Mchanga, maji, kamba kwenye mwembe, magogo ya kutembelea, bustani ya mchicha na matembele. Mvua ikinyesha kidogo tunatoka vilevile. Wanapanda miti, sheria yetu ni moja, hatumpandishi mtoto na hatumsukumi, anapanda pale anapofika mwenyewe, basi anajua na kushuka. Mimi napalilia. Kila baada ya muda nanyanyua kichwa nahesabu.

Saa 5:45
Wananawa, nawapaka tone la mafuta ya nazi yenye mchaichai viganjani, wananusa, wanakaa. "Hadithi hadithi!" "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Sisomi kitabu, nimeihifadhi hadithi kichwani, leo ya sungura na kisima, na ni ileile tangu wiki iliyopita, maneno yaleyale. Nikibadilisha neno moja wananisahihisha. Sauti naiweka tambarare, siigizi simba kwa kunguruma, maana kila mmoja ana simba wake wa ukubwa anaoweza kumvumilia na mimi nikinguruma nimempa simba wangu. Na mwisho siwaulizi "tumejifunza nini". Hapo natofautiana na malezi yangu mwenyewe, sisi hadithi ilikuwa lazima iishe na funzo, lakini nimeona hadithi ikiachwa wazi watoto wanakwenda nayo kwenye mchezo kesho yake, wanaitafuna wenyewe.

Saa 6:30 mchana
Wazazi. Leo mama mmoja amenivuta pembeni, mwanae ana miaka mitano na nusu, binamu yake wa umri huo huo kwenye shule nyingine anaandika jina lake na anahesabu mpaka 100 kwa Kiingereza, na shule anayotaka kumpeleka darasa la kwanza ina intavyuu ya kuandika. "Mwalimu, lini ataanza kusoma?"

Hili swali nalichukulia kwa uzito, sipendi walimu wenzangu wanaolipuuza, huyu mama anahangaika na kitu cha kweli, shule nyingi huku zinampima mtoto wa miaka sita kwa karatasi. Nimemwambia kwetu kusoma na kuandika rasmi kunaanzia mtoto anapokaribia miaka saba, wakati meno ya utotoni yanang'oka. Shule ya kwanza ya Waldorf ilifunguliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria, mwenye kiwanda Emil Molt ndo alimuomba Steiner, na chekechea yenyewe ikaja 1926 kwa mikono ya Elisabeth Grunelius, Steiner akiwa ameshafariki. Tangu hapo msimamo ni huo, kwanza mwili na lugha na mikono.

Halafu nimemuonyesha mwanae. Anakumbuka hadithi ya dakika kumi neno kwa neno. Anafunga fundo, anashona mshono wa mbele, anamwaga chai kikombeni bila kumwaga mezani, anagawa chapati ishirini na kujua zimepungua mbili. Anatembea juu ya gogo akiwa amebeba maji. Hizo zote ni kusoma na hesabu zinajengwa chini kwa chini. Nimemwambia pia ukweli mwingine, kwamba kama shule anayoitaka haimpokei bila kuandika basi inabidi achague, mimi siwezi kumdanganya kwamba vyote vinakwenda pamoja. Amesema ataongea na baba. Sawa kabisa.

Saa 7 mpaka 9
Wanaobaki wanakula, wanalala kwenye mikeka, nakaa nashona mguu wa mwanasesere uliochanika na kuandika mambo machache kwenye daftari. Nikiwa na muda naangalia nta ya nyuki ya kufinyangia, tunanunua inayotoka Tabora, nzuri sana, ila isiachwe dirishani maana jua la Dar linaiyeyusha.

Saa 9:30
Kikao. Shule nyingi za Waldorf duniani zinakutana Alhamisi. Leo tumemzungumzia mtoto mmoja, wangu, yule kabinti. Utaratibu ni kwamba mwanzoni hairuhusiwi kusema "ana shida" au "ni mkorofi", unasema tu ulichoona, anavyoshika kijiko, anavyotembea, anapenda rangi gani Jumatatu tukipaka rangi za maji. Mwenzangu mmoja akasema kabinti kanatembea kwa vidole muda wote, hakaweki kisigino chini, na mimi nilikuwa sijaliona hilo. Tumekubaliana wiki mbili zijazo duara letu liwe na kukanyaga kwingi, kupiga miguu chini, na nitakapa kazi nzito, kubeba ndoo ndogo ya maji ya bustani, kukanda, kusukuma toroli. Na nitamuomba mama yake tuongee nyumbani kukoje maana nasikia wamehama.

Saa 11 jioni
Naloweka mahindi na maharage ya makande, nafunga darasa, nawasha simu, meseji arobaini za grupu.

Wale mnaoniuliza kama mnaweza kuja kutazama, karibuni, tuandikieni kwanza tupange siku. Njooni kabla ya saa 1:30, vaeni nguo zinazoruhusu kukaa chini, na mje na kazi ya mkono, kufuma, kushona, chochote, au nitawapa karoti na kisu mkatekate. Mtu mzima aliyekaa kwenye kiti ananyamaza na kuangalia tu anawachanganya watoto, wanashindwa waige nini.