Kumbukumbu ya miti mikubwa: mvule wa Bibi umepungua

Jumamosi nimerudi Uru, Kilimanjaro, kuupima upya mvule unaoongoza daftari langu. Mwezi Machi niliuandikia mita 38.9. Leo ni 33.3.

Mara ya kwanza nilisimama mita 40 kutoka shinani, nikalenga kilele kwa protrakta yenye uzi na jiwe, nikapata nyuzi 43. Nikazidisha kwa tanjenti, nikajumlisha mita 1.6 za kimo cha macho yangu. Hesabu hiyo huchukulia kwamba kilele kiko wima juu ya shina, lakini mvule hutandaza matawi, na jani nililolilenga lilikuwa la tawi lililonielekea mimi. Safari hii niliazima kipimo cha leza. Hadi kwenye jani lenyewe ni mita 46.5, ukizidisha kwa saini (sine) ya nyuzi zilezile unapata 31.7, na ukijumlisha kimo cha macho yangu, 33.3. Ule mkukusu wa Kilimanjaro wa mita 81.5, ambao mtafiti Andreas Hemp na wenzake waliutangaza mwaka 2016 kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika, nao ulipimwa kwa leza. Kwa hiyo miti yangu yote kumi na mmoja naipima upya, hata kama orodha itageuka.

Mzunguko, mita 1.3 kutoka ardhini: 5.42.

Nilimweleza Bibi mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga. "Umepungua wapi, mjukuu wangu, na mimi niko nao hapa kila siku?" Wanunuzi wa mbao wamekuja kwake mara tatu, akawakatalia. Kila nikipima, namwachia karatasi yenye vipimo na tarehe, naye huiweka pamoja na hati zake ili wanawe wajue walichoachiwa.

Miche ya mbegu za mvule huu: kati ya 14 imebaki 9. Iliyokufa ni ile niliyoipanga safu moja juani. Wadudu waliivimbisha majani machanga kwa vinundu hadi vichwa vikaoza. Iliyo kivulini, katikati ya migomba na kahawa, imesimama vizuri.

Jambo moja linaninyima usingizi. Mvule huwa dume au jike, na wa Bibi ni jike. Mbegu zake zimeota, maana yake chavua ililetwa na upepo kutoka kwa dume aliye karibu, na katika daftari langu hayumo. Jumamosi ijayo nashuka korongoni kumtafuta.