Aliyelipa bila kuogopa moto

Ustadh mmoja hapa Ujiji, mtu ninayemheshimu na kumsikiliza hata akirefusha, alisema juzi kwenye darsa ya kina mama kwamba asiyemwamini Mungu hana sababu ya kutoiba. Akiwa peke yake gizani, nani wa kumzuia? Wenzangu wakaitikia. Mimi akili ilishakimbilia Kibirizi, kwa fundi mmoja wa injini za boti ambaye hasali popote. Haonekani msikitini wala kanisani, na ukimwuliza dini yake anakujibu kwamba serikali yenyewe iliacha kuuliza hilo kwenye sensa baada ya ile ya 1967, sasa wewe nani?

Nauza dagaa. Mzigo mkubwa unakwenda Dodoma na Dar, na unaobaki nawapa wachuuzi na majirani kwa mali kauli. Kila deni liko kwenye daftari. Sasa mvua za Machi paa la stoo likavuja usiku, asubuhi nikakuta wino umetiririka na kurasa zimeshikana kama chapati mbichi. Niliwahi kusoma majina machache tu. Habari ikafika sokoni kabla yangu, maana sokoni habari haichelewi.

Ndipo watu wakaanza kuja, na wengine wakaanza kutokuja.

Alikuja mama wa kwaya na hesabu yake kwenye kipande cha karatasi, ameijumlisha vibaya na kujipunja mwenyewe. Alikuja mzee wa Kimanyema anayetembelea bakora. "Mwanangu, niandike upya kabla sijafa. Sitaki watu wasimame na jeneza langu halafu mtu adai dagaa." Anajua anachosema. Kwetu, kabla ya swala ya jeneza, mmoja wa jamaa husimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Nimewaona watu wazima wakilipa madeni yao yote kwa ajili ya kuogopa dakika ile moja. Kwa hiyo asinidanganye mtu kwamba dini haifanyi kazi. Inafanya, na mzee yule ni ushahidi wangu. Lakini yuko na mwingine, husimama safu ya kwanza kila Ijumaa, na mpaka leo nikitokea njia hii yeye anashika ile.

Fundi alikuja jioni, mikono imejaa grisi.

"Dada, mimi ni ndoo mbili. Na ile ya sikukuu, hukuiandika, ulikuwa na haraka."

Ile ya sikukuu hata mimi nilikuwa nimeisahau. Nikamwuliza kwa nini ameitaja basi. Akakunja uso.

"Si nilikula?"

Hilo ndilo jibu lake lote. Hakuna kiama ndani yake, hakuna jeneza. Usiku ule nikafungua Sura ya Wapunjao, ambayo sisi wa sokoni tunapaswa kuijua kuliko sura nyingine. Inawalaani wale ambao wakijipimia kwa watu wanataka kipimo kitimie, na wakiwapimia watu wanapunguza. Nimeisoma tangu chuoni, lakini safari hii niliona jambo: aya haimfundishi mpunjaji kwamba kupunja ni kubaya. Inamshika kwa mkono wake mwenyewe. Anapodai chake kitimie, ameshakiri kwamba anajua. Ndipo baadaye inapomwuliza, hivi hawadhani kwamba watafufuliwa? Ujuzi anao tayari, anachokumbushwa ni hesabu.

Hili si jambo jipya, wala halikuletwa na vijana wa mitandaoni. Mwanafalsafa Sokrates aliliuliza kule Athens zaidi ya miaka 2,400 iliyopita: jambo ni jema kwa sababu miungu inalipenda, au inalipenda kwa sababu ni jema? Waislamu nao walibishana juu yake Basra na Baghdad. Mu'tazila, kundi la wanazuoni wa zamani, walisema akili ya mtu yaweza kutambua wema na uovu hata kabla ya wahyi, yaani ufunuo wa Mungu. Al-Ash'ari, ambaye alikuwa mwenzao kisha akawaacha, akasema la, jema ni lile aliloamrisha Mungu. Sisi wa pwani na wa Ujiji tumefundishwa kwa njia ya Al-Ash'ari, na ustadh yuko kwenye njia hiyo. Namwelewa. Ila siwezi kuishi Ujiji nikaridhika.

Kwa sababu Ujiji ni mji wa misafara. Julai 1871, Nyangwe, ng'ambo ya ziwa kwenye mto Lualaba, watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliwafyatulia risasi wanawake waliokuja sokoni. Wanawake wa gulio, na makapu yao. Livingstone alikuwepo akaona, akarudi huku Ujiji, ambako Stanley alimkuta mwaka uleule. Wakubwa wa misafara ile walikuwa wakisali. Na nchi ya Livingstone nayo ilisafirisha watumwa hadi 1807, wenye meli wakienda kanisani Jumapili. Ustadh atasema walikiuka dini. Sawa, lakini wengi wao waliona wameruhusiwa, na maandiko waliyosoma ni yale yale tunayosoma leo. Kuna kitu kingine ndani yetu kinachotusaidia kuyasoma, na sidhani kiliwekwa kwa wasalio peke yao.

Nilimweleza ustadh habari ya fundi. Hakukasirika, alicheka. "Bibi, huyo mama yake alikuwa akisali, na bibi yake akisali. Anakula akiba asiyoiweka."

Jibu hilo lilinikaa. Nilijitetea kwamba Waha walijua aibu ya wizi kabla ya misikiti na misheni kufika. Akanijibu kwamba walimjua Imana pia, ndiye Mungu kwa Waha, kwa hiyo nimemletea Mungu yule yule kwa mlango wa nyuma. Hapo alinipata kidogo.

Lakini fundi ana watoto wawili wasiokwenda madrasa wala shule ya Jumapili, na mama yao ni vilevile na baba. Hiyo akiba, kama ni akiba, kwao itakuwa imeisha. Yule mkubwa amemaliza shule na anataka kuuza dagaa Mwanga, hapa hapa Kigoma, hana mtaji. Nimeanza kumpa ndoo kwa mali kauli, na daftari safari hii linalala ndani kwangu. Ustadh anasema tuulizane mwakani. Nimekubali, kwa sharti kwamba yule wa safu ya kwanza naye ahesabiwe.