Barua ya Fundi wa Mbuyuni

"Sasa tuandike kwamba alitufanyia nini?" mwenzetu mmoja aliuliza, na maabara nzima ya fizikia ikanyamaza.

Ilikuwa Novemba 2019, hapa Moshi. Kidato cha nne walikuwa kwenye mtihani wa taifa jengo la pili, nasi wa kidato cha tatu tulikuwa tumeonywa tusipige kelele. Kalamu nilishika mimi, kwa sababu isiyo na heshima yoyote: mwandiko wangu ulikuwa unasomeka.

Wazo la kumwandikia barua mtu aliyetulea lilikuwa la madamu wa fizikia, mlezi wa klabu yetu ya roboti. Mwezi uliotangulia alikuwa amesoma habari za kifo cha Woodie Flowers, profesa wa uhandisi wa mitambo katika chuo cha MIT, Marekani. Tangu miaka ya 1970 profesa huyo aliwapa wanafunzi wake furushi la vifaa vya aina moja, kila mtu akaunde mashine yake, kisha wakashindane. Mvumbuzi Mmarekani Dean Kamen alianzisha FIRST, shirika la kuwavuta vijana kwenye sayansi na teknolojia, mwaka 1989, na Flowers akawa mwenzake katika kuanzisha mashindano yao ya roboti. La kwanza lilifanyika 1992 katika ukumbi wa michezo wa sekondari moja huko New Hampshire, timu 28 tu. Tangu 1996 kuna tuzo yenye jina la Flowers kwa ajili ya walezi wa timu. Kilichotushika sisi ni kwamba anayempendekeza mlezi si mkuu wa shule wala mfadhili. Wanafunzi wenyewe ndio wanaokaa chini wakaandika.

"Huko hatumo," madamu alisema, "lakini kalamu mnazo."

Wa kuandikiwa alijulikana bila kura. Tulimwita Fundi. Alikuwa na kibanda cha redio na amplifaya Mbuyuni, karibu na soko, na Jumamosi mchana alikuwa akifunga kazi na kuja shuleni kwetu. Hakuwahi kuandika programu hata ya mstari mmoja. Tulichokwama nacho ni hiki: kwenye roboti yetu hapakuwa na kitu hata kimoja alichokifunga yeye. Hata skrubu. Alikuwa akisimama nyuma yetu, mikono ameikunja mgongoni, anauliza maswali ya kuudhi.

Ndipo mmoja akakumbusha ule ugonjwa wa roboti kuzimia.

Roboti ilikuwa ya magurudumu mawili, na juu yake bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo inayobeba programu na kuiongoza roboti. Mbele ilikuwa na sensa ya kupima umbali kwa mwangwi: inatoa sauti ambayo sikio halisikii, inasubiri irudi, na programu inapiga hesabu ya muda. Mezani kila kitu kilienda vizuri. Ukiiweka sakafuni na kuiamuru iende, inashtuka, taa inazima, inawaka tena, inaanza upya kama haijawahi kuamriwa lolote. Tulilaumu programu. Tuliifuta, tukaiandika tena, tukagombana. Mvulana mmoja aliapa kwamba bodi ni feki na tumeibiwa.

Fundi alisikiliza yote hayo. Kisha akauliza, "Mmepima?"

Tulikuwa tumepima. Betri nne ndogo za tochi zilizofungwa mfululizo, volti 6 na kidogo.

"Mlipima ikiwa imelala au inafanya kazi?"

Akatoa mita yake ya mshale, ya zamani, kioo kimechubuka, akamkabidhi msichana aliyekuwa karibu naye. Hakumwonyesha pa kugusa. Msichana alishika ncha mbili kwenye betri, mwingine akabonyeza swichi, na sote tukauona mshale ukiporomoka hadi chini kidogo ya 4 kisha ukapanda tena. Mita za namba tulizokuwa tukizitamani pengine zisingetuonyesha, maana zinachelewa. Mshale ulituchezea mbele ya macho. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa kuliko ikishashika kasi, na betri dhaifu ikishtukiziwa hivyo, volti yake inashuka. Bodi ilikuwa inakosa umeme. Programu yetu haikuwa na kosa, na tulikuwa tumeifuta bure.

Wiki iliyofuata alituletea boksi la betri zilizotolewa kwenye laptopu mbovu, zile za volti 3.7 kila moja, akasema tuchague wenyewe zilizo hai. Hapo ndipo palikuwa na mara pekee aliyomgusa mtu: kijana alitaka kulehemu waya moja kwa moja kwenye betri, na Fundi akamdaka mkono kabla chuma cha moto hakijafika. Betri za lithiamu hazitaki joto, zinaweza kulipuka. Alieleza hilo kwa ukali, akadai tuweke na fyuzi, kisha mikono ikarudi mgongoni.

Niliuelewa mgongo ule vizuri zaidi tulipokwenda kwenye shindano la shule mjini Arusha. Hatukushinda chochote. Lakini niliona meza ambapo mtu mzima, jasho linamtiririka, alikuwa ameinamia roboti huku wanafunzi wamemshikia begi. Majaji walipofika, wanafunzi wale waliulizwa jambo dogo kuhusu waya, wakamgeukia yeye. Mimi naona mtu wa namna hiyo anapunja watoto kuliko yule asiyekuja kabisa, na sijabadilisha mawazo hadi leo.

Basi barua ikaanzia kwenye mshale. Tuligombania mengine. Wapo waliotaka "moyo wa dhahabu", nikakataa. Wapo waliotaka itajwe kwamba nauli ya daladala alijilipia, tukakubaliana iingie. Madamu alisahihisha herufi kubwa na ndogo tu.

Siku ya kufunga shule Fundi alikuja na koti lake la kanisani. Nilisoma nimesimama. Nilipofika kwenye volti, akanyanyua mkono.

"Hapo. Nani alipima?"

"Mimi, Fundi," yule msichana akasimama.

"Mota moja au zote mbili?"

"Zote mbili. Na roboti ilikuwa chini sakafuni, hatukuinyanyua."

"Mita uliiweka kwenye kipimo gani?"

"Cha volti 10."

Fundi akanigeukia. "Haya, endelea."

Zile sifa tulizozigombania alizisikiliza huku akitupia jicho saa. Kulikuwa na amplifaya ya kwaya iliyotakiwa kabla ya Jumapili. Aliikunja barua, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akauliza nani ana nafasi. Tuliondoka naye watatu, na yule msichana alishafika getini.