Nilivyolipa bili ya kadi ya mkopo kwa simu huku tarakimu moja imefutika

Kulipa bili ya kadi ya mkopo kwa programu ya simu si kazi. Unaingia sehemu ya malipo, unaweka namba ya kadi na kiasi, unathibitisha kwa namba ya siri, umemaliza. Anayetaka kuelekezwa hayo amuulize mtoto yeyote aliye karibu naye, atamfanyia na chenji ya muda ibaki. Mimi nataka kusimulia yale yaliyo pembeni, kwa sababu ushauri niliopewa na watu wazima wenye heshima zao ulikaribia kunitoa jasho la bure, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeniomba radhi.

Miaka yote nilikuwa nalipia dirishani. Unasukuma kadi chini ya kioo, keshia anaisoma mwenyewe, unapewa risiti. Ndiyo maana sikuwahi kujali kwamba namba za kadi yangu zimechakaa. Si zile kadi za zamani zenye namba zilizovimba ambazo unaweza kuzipapasa gizani. Hii imechapwa wino juu ya plastiki, na wino umesuguana na funguo mfukoni mpaka umekonda. Tarakimu ya nane kutoka kushoto ilikuwa imebaki nusu. Kwa macho yangu ilikuwa 3, bila shaka yoyote.

Basi siku nilipoamua foleni imetosha, nikaingiza namba zote 16. Programu ikakataa: namba ya kadi si sahihi. Nikarudia polepole, kidole kimoja kwenye kadi, kingine kwenye simu. Ikakataa tena, na ilikataa papo hapo, kabla hata ya ule mduara wa kusubiri kuzunguka. Hilo la kukataa haraka liweke akilini, ndilo lililokuja kuniokoa.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada wa watu akaniambia kwa upole, "Kaka, zima simu uwashe." Nikazima, nikawasha. Mwenzangu kazini akasema ni mtandao, hamia laini nyingine. Nikahamia. Lakini mshauri mkuu alikuwa shemeji yangu, ambaye ukimwambia unaumwa jino atakwambia usasishe simu. "Shem, hiyo app imeharibika. Ifute, uipakue upya. Mimi yangu naifutaga kila mara."

Nikaifuta. Jamani. Nilipoipakua upya ikaniona mgeni. Ikataka namba ya uthibitisho kwa meseji, ikataka picha ya uso, "geuka kushoto, geuka kulia, fumba macho", niko sebuleni nazungusha shingo mbele ya simu, watoto wananitazama. Nilipopita huko nikaambiwa kwamba kwa kuwa nimejisajili upya, kikomo cha miamala yangu kimeshushwa kwa saa 24. Ni ulinzi, na kwa kweli ni ulinzi mzuri, maana mwizi aliyeiba laini yako naye angeanza kwa kujisajili upya. Ila sasa nilikuwa na matatizo mawili badala ya moja: namba bado inakataliwa, na hata ingekubaliwa nisingeweza kulipa deni lote kwa mkupuo. Shemeji nilipomwambia akasema basi nibadilishe simu kabisa.

Nikakaa nikafikiri. Kama programu inakataa kabla ya kuwasiliana na mtu yeyote, basi haikuuliza benki. Imepiga hesabu yenyewe. Na hesabu hiyo naijua! Nilishaisoma zamani. Tarakimu ya mwisho ya kadi haiwekwi kwa kubahatisha, ni ya ukaguzi. Kanuni yake inaitwa Luhn, kwa jina la Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM mzaliwa wa Ujerumani, aliyeiombea hataza mwaka 1954 na kuipata mwaka 1960. Wakati huo kadi zenyewe za kuingiza mtandaoni hazikuwapo, lakini hesabu ya mzee huyo ndiyo inayokagua kadi hadi leo.

Inakwenda hivi. Anza kulia, rudi kushoto. Ya kwanza iache, ya pili izidishe mara mbili, ya tatu iache, ya nne izidishe, mpaka mwisho. Ukizidisha ukapata zaidi ya 9, toa 9. Jumlisha zote. Jumla ikigawanyika kwa 10 bila baki, namba imepita. Chukua ile namba ya majaribio ambayo watengeneza programu wote wanaijua, 4111 1111 1111 1111. Ile 4 inazidishwa inakuwa 8, zile 1 saba zenye zamu ya kuzidishwa zinakuwa jumla 14, zile 1 nane nyingine zinaachwa zilivyo. 8 na 14 na 8 ni 30. Imepita.

Utamu wake ni huu: ukiwa na tarakimu zote isipokuwa moja, hiyo moja inapatikana, na jibu ni moja tu. Nikachukua bahasha ya bili ya umeme na kalamu. Tarakimu 15 ninazozisoma vizuri zikanipa 52. Ile ya nane kutoka kushoto, kwenye kadi ya tarakimu 16, haizidishwi. Ikiwa 3, jumla ni 55, haipiti. Ikiwa 8, jumla ni 60. Nikaipeleka kadi kwenye taa, nikaiinamisha, na kweli upande wa kushoto kulikuwa na kivuli chembamba cha wino. Ilikuwa 8 iliyomomonyoka. Nikaingiza, programu ikapokea bila kinyongo. Nilizunguka na ile bahasha nyumba nzima nikiwaonyesha watu, na hakuna aliyejali.

Mtu atasema ungeshinda unabahatisha 0 hadi 9. Ungefika, sawa. Lakini ungefika bila raha.

Hapa lazima niwe mkali kidogo, kwa sababu nimeshamweleza mtu hadithi hii akaondoka akidhani namba ikishapita basi pesa iko salama. Hapana! Hesabu ya Luhn inasema tu kwamba namba haina kosa la kuandika la kawaida. Inakamata tarakimu moja iliyokosewa, inakamata karibu kila jozi iliyopinduliwa, isipokuwa ukiandika 90 mahali pa 09, hiyo inapenya. Haisemi kadi ni ya nani. Na programu niliyotumia haionyeshi jina la mwenye kadi kabla ya kulipa. Kwa hiyo sikutuma deni lote. Nilituma kiasi kidogo sana, cha kununulia vocha, nikangoja meseji ya benki yenye tarakimu nne za mwisho za kadi yangu. Kwa kuwa kikomo changu kilikuwa kimeshushwa, nisingeweza kutuma nyingi hata ningetaka, kwa hiyo kwa njia hiyo ya mzunguko shemeji alinisaidia. Ila hilo hatalisikia kwangu.

Meseji haikuja jioni ile. Programu ilikuwa imeandika "Imefanikiwa" kwa kijani, na kadi haikuonyesha kitu. Hapa ndipo wengi wanapotuma tena. Usitume tena. "Imefanikiwa" inamaanisha pesa imetoka kwako. Kufika kwenye kadi ni safari nyingine, na kadi nyingi huingiziwa siku ya kazi, si usiku wala wikendi. Piga picha ya skrini, nakili namba ya muamala, lala. Mwenzangu mmoja alituma mara mbili, kadi yake ikawa na salio la ziada, yaani sasa yeye ndiye anayeidai benki. Pesa haikupotea, aliitumia kwa manunuzi ya mwezi uliofuata, lakini hiyo ilikuwa ya ada ya shule. Kwangu meseji ilikuja asubuhi ya siku ya kazi iliyofuata, na tarakimu nne zilikuwa zangu. Nikatuma iliyobaki.

Ndiyo maana yule aliyenishauri "subiri siku ya mwisho, pesa ya simu inafika hapohapo" sijamsalimia vizuri tangu hapo. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili na pesa ikaingia Jumatatu, utaanza kubishana na benki kuhusu faini ya kuchelewa huku umeshika picha ya skrini. Unaweza kushinda. Mimi sina muda huo, huwa nalipa mapema, siku nne tano kabla.

Kuna na huyu wa "lipa kima cha chini tu, benki wanaridhika." Wanaridhika sana, kwa nini wasiridhike? Tuchukue kadi ya riba ya asilimia 24 kwa mwaka, nayo inahesabiwa kwa siku. Ukidaiwa 10,000, kila siku inazaa karibu 6.6, mwezi unaisha na karibu 200 ya riba. Kima cha chini kikiwa asilimia 5 ya deni, umelipa 500, 200 imeliwa na riba, deni limepungua 300. Na si hilo tu. Ukilipa salio lote la taarifa, yaani deni lililoandikwa kwenye taarifa ya mwezi, kabla ya tarehe ya mwisho, manunuzi yako hayatozwi riba. Ukibakiza deni, kadi nyingi zinaanza kutoza hata manunuzi mapya tangu siku uliyonunua. Kima cha chini ni cha kukuepusha na faini mwezi uliobanwa, basi.

Programu itakuonyesha namba mbili, salio la taarifa na salio la sasa. Inayotakiwa ni ya taarifa. La sasa lina vitu ulivyonunua jana, hivyo vina mwezi wake. Ila mimi kwa makusudi mwezi ukiwa mzito hulipa kipande siku chache kabla taarifa haijafungwa. Deni linaloandikwa linakuwa dogo, kikomo cha kadi kinafunguka, na ukiomba mkopo sehemu nyingine faili lako la madeni halionekani limeelemewa.

Gharama? Programu yangu inakata kidogo kwa kila muamala, si ya kulalamikia ukilinganisha na nauli ya kwenda dirishani. Zipo zisizokata kabisa, zipo zinazokata asilimia ya kiasi, na hizo ndizo za kuogopa ukiwa na deni kubwa. Ukurasa wa kuthibitisha unaonyesha makato kabla hujaweka namba ya siri, usome.

Kuna ujanja mwingine unaozunguka vijiweni, eti jaza pesa kwenye simu kwa kutumia kadi yenyewe, halafu rudisha kulipa kadi, "pesa inajizungusha." Kadi nyingi zinahesabu kujaza pesa hivyo kama kutoa pesa taslimu. Kuna ada yake, na riba inaanza siku hiyohiyo, hakuna siku za neema. Aliyeniambia hili alikuwa ameshafanya miezi kadhaa na hajui kwa nini deni halishuki.

Wiki ile ile nilipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya ofisi kabisa, ananiambia malipo yangu yamekwama, nimtajie tarakimu tatu za nyuma ya kadi ayasukume. Nilicheka mpaka akakata yeye. Pesa inayoingia kwenye kadi inahitaji namba ya kadi tu. Tarakimu za nyuma na namba ya uthibitisho ya meseji ni za kutoa, na anayeziuliza anataka kutoa.

Kadi ile nimeomba ibadilishwe. Nikawaambia imechakaa, haijapotea, kwa hiyo namba imebaki ileile na sikulazimika kugusa chochote kwenye programu. Ingekuwa imepotea ningepewa namba mpya, na hapo mtu hufuta ya zamani kwenye orodha siku hiyohiyo, asije akalipa kwa mazoea kadi iliyokufa. Hii mpya nimeishonea kifuko chake, mbali na funguo.