Jumamosi ya kura na soseji Mildura

Kila ninayekutana naye tangu nirudi ananiuliza habari za kangaruu. Niliona wengi, wote wamekufa, wamelala pembeni mwa barabara kati ya Swan Hill na Mildura. Wanatoka kutafuta majani jua linapozama na kugongwa, ndiyo maana magari mengi ya mashambani yamefungwa mabomba ya chuma mbele. Habari za kangaruu zimeishia hapo. Ninachotaka kusimulia ni uchaguzi.

Sikwenda Australia kwa ajili ya uchaguzi. Nilikwenda kumsalimia shemeji, dada yake mke wangu. Tuliagana naye Kasulu, enzi za kambi ya wakimbizi ya Mtabila, yeye na mumewe walipopata nafasi ya kwenda kuanza maisha huko. Ni Warundi, lakini Kiswahili chao ni cha kwetu Kigoma kabisa, na Mildura wamewakuta Warundi wenzao si haba. Mke wangu alibaki kwa sababu alikuwa ameshanipata mimi, na hilo dada yake hachoki kunikumbusha kwenye simu.

Gharama acheni tu. Ada ya visa peke yake ni karibu dola 200 za kwao, zaidi ya laki tatu zetu, na hiyo hairudi hata wakikunyima. Uwanja wa ndege wa Melbourne wanakagua chakula kuliko wanavyokagua watu. Mbegu za mahindi meupe alizoniagiza shemeji niliziandika kwenye fomu kama inavyotakiwa, ofisa akazichukua na kunishukuru sana kwa kusema ukweli. Shukrani hazioti shambani. Kisha basi la kutoka uwanjani hadi katikati ya jiji, mwendo wa nusu saa barabara ikiwa nyeupe, likanila zaidi ya dola 20.

Kwa hiyo nilipokwenda kituoni kukata tiketi ya Mildura, kilomita zaidi ya 500, nilikuwa nimejiandaa kulia. Nikaambiwa dola 11. Nikauliza tena, nikidhani yule dada dirishani hajanisikia vizuri. Kumbe tangu mwaka 2023 serikali ya jimbo la Victoria imeweka kikomo cha nauli kwa siku, hata ukisafiri hadi mwisho wa jimbo huvuki hapo. Treni yenyewe haifiki Mildura, ya abiria ilisitishwa mwaka 1993, kwa hiyo unashuka Swan Hill na kumalizia kwa basi. Safari ya kutwa nzima kwa bei ya vikombe viwili vya kahawa! Maana kahawa ni dola tano na nusu, na Jumapili mikahawa mingi inaongeza asilimia kadhaa juu yake, eti siku hiyo wahudumu wanalipwa zaidi. Jumapili nilikunywa chai ya shemeji.

Mji wenyewe umechimbwa kutoka kwenye ukame. Ndugu wawili kutoka Kanada, George na William Chaffey, ndio walioanzisha umwagiliaji kwa maji ya mto Murray mwaka 1887, na mpaka leo upande mmoja wa barabara unaona zabibu na michungwa, upande wa pili udongo mwekundu mkavu. Wenyeji wangu wote wawili wanafanya kazi kwenye matunda. Mwezi wa tano zabibu zimeshavunwa na baridi imeanza. Baridi ya nje naijua, Kasulu nayo ina baridi yake. Ya Mildura inaingia ndani ya nyumba na kukaa nanyi sebuleni. Vioo vya madirisha vyembamba, sakafu ya mbao, upepo unapita chini ya mlango. Nililala na soksi na sweta la mwanyumba wangu, mume wa shemeji, juu ya kochi zuri la ngozi ambalo shemeji aliliokota kando ya barabara. Watu wanatoa nje samani wasizozitaka, nzima kabisa, anayetaka anabeba. Nilipita mtaa mzima nikihesabu vitanda.

Sasa, Ijumaa usiku namkuta mwanyumba jikoni kainamia karatasi, anaandika namba, anafuta, anaandika tena. Nikadhani anapiga hesabu za madeni. Kumbe anafanya mazoezi ya kupiga kura. Kule huweki alama ya vema kwa mmoja ukaondoka. Kwa mbunge unawapanga wagombea wote, 1 kwa unayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, mpaka yule usiyetaka hata kumsikia. Wako wa kwanza akiwa ameshika mkia, kura yako haitupwi, inahamia kwa wa pili wako, na hivyo hivyo mpaka mmoja apite nusu. Ukiruka namba, kura inaharibika. Mwanyumba kaishia darasa la tano, tena la kambini, na alikuwa anaizungumzia nafasi ya tatu na ya nne kwa makini kama anagawa mirathi.

Nikamuuliza, kwani ni lazima? Akasema ni lazima kweli, ni sheria, usipokwenda wanakutoza faini ya dola 20. Sheria hiyo ni ya mwaka 1924. Kwenye uchaguzi wa 1922 waliojitokeza hawakufika hata asilimia 60. Sheria ilipopita, uchaguzi wa 1925 wakavuka 90, na tangu hapo imebaki huko huko juu.

Jumamosi, tarehe 3 Mei 2025, saa moja asubuhi mwanyumba alikuwa ameshaondoka. Si kupiga kura, alikuwa na zamu ya kuchoma soseji. Vituo vingi viko kwenye shule, na siku ya kura wazazi wanaweka jiko la gesi getini, wanauza soseji, fedha inakwenda shuleni. Nilimkuta na aproni na koleo, jasho linamtoka kwenye baridi ile, pembeni yake mzazi mwingine anakaanga vitunguu. Soseji yenyewe wanaiweka ndani ya slesi moja ya mkate, mkate mweupe wa kawaida, wanaukunja, kitunguu, tomato sosi, basi. Dola tatu. Ukimpa mtu wa Kigoma kitu hicho kwenye sherehe atakuuliza kama mmeishiwa. Ila foleni ya soseji ilikuwa ndefu kuliko ya kura.

Nilitafuta polisi. Mazoea tu, nikifika penye uchaguzi macho yenyewe yanatafuta difenda. Hapakuwa na hata mgambo. Walikuwepo wapiga debe wa vyama, fulana za rangi mbalimbali, wamesimama mita sita kutoka mlangoni kama sheria inavyotaka, wanagawa karatasi zinazoonyesha chama chao kingependa upange namba vipi. Wamesimama bega kwa bega. Mama mmoja wa fulana nyekundu alikuwa anakunywa chai kutoka kwenye chupa ya mzee wa chama kingine.

Mzee huyo, mkulima kwa kumtazama, kofia pana na mikono iliyopasuka, akaninyooshea karatasi. Nikamwambia mimi mgeni, sipigi kura hapa. Akafurahi mno. Akasema basi wewe ndiye ninayekutafuta, na kabla sijaelewa akanikabidhi rundo zima, nimshikie dakika mbili akanunue soseji.

Nikaziangalia zile karatasi. Kijani na njano. Mtanzania yeyote ataelewa nilivyostuka: nimevuka bahari yote ile, rangi za CCM zimenitangulia. Kule ni rangi za Nationals, chama cha watu wa mashambani, na jimbo lile la ubunge ni lao. Nikasimama nimezikumbatia kifuani kama mwizi aliyekamatwa kuku mkononi. Watu wakaanza kufika. Mama wa kwanza akanyoosha mkono, nikarudi nyuma. Akabaki ameunyoosha, ananitazama. Nikampa. Wa pili naye akachukua, akasema asante. Bwana mmoja akaniuliza jambo kuhusu maji ya mto Murray, chama chetu kinasemaje. Chama chetu!

Aliyeniokoa ni yule mama wa fulana nyekundu. Akamwambia yule bwana, huyu amemshikia tu fulani, yuko kwenye foleni ya soseji, atakuja kukujibu. Kisha akanigeukia na kunielekeza kwa upole kwamba nizigeuze, nimezishika upande wenye maandishi umeangalia chini, watu hawazisomi. Mpinzani ananifundisha kugawa karatasi za anayepingana naye. Dakika mbili za yule mzee zikawa kama nusu saa. Nilimwona kwa mbali anapiga soga na mwanyumba, soseji mkononi.

Shemeji alinikuta katika hali hiyo. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji! Umekuja kutusalimia au kugombea?" Akanipiga picha, akamtumia dada yake, na kwa muda mchache Kasulu nzima ikawa na habari kwamba nimeajiriwa na chama Australia.

Niliporudishiwa uhuru wangu nikamfuata shemeji hadi mlangoni, nikiwa nimembeba mtoto wake wa mwisho. Ndani sikuingia, nilisimama pembeni, lakini meza ya kwanza ilikuwa karibu, nikaona na kusikia. Kijana mwenye orodha ndefu ya majina na rula akauliza maswali matatu. Jina lako kamili nani? Unaishi wapi? Umeshapiga kura kwenye uchaguzi huu? Shemeji akasema bado. Kijana akaweka rula, akapiga mstari juu ya jina, akampa karatasi mbili. Hakuna kadi. Hakuna kitambulisho. Sisi bila kichinjio, ile kadi ya mpiga kura, au kitambulisho kingine husogei, na wenzetu wa Kenya na Uganda wanajua habari za kidole kuchovywa wino. Pale mtu anaulizwa kama ameshapiga, anasema bado, na anaaminika. Baadaye wanalinganisha orodha za vituo, jina likitokea mara mbili wanakufuata.

Karatasi moja ni ya kijani, ndogo, ya mbunge. Ya pili nyeupe, ya Seneti, pana kiasi kwamba shemeji aliifungua kwenye kile kibanda cha kadibodi ikamwagika pande zote mbili kama kitambaa cha meza. Halafu anaandika kwa penseli. Penseli! Hiyo ilinikera mpaka nje. Nikamuuliza mwanyumba, akija mtu akafuta je? Akageuza soseji, akafikiri kwa dhati kabisa. "Nani?" akauliza. Sikuwa na jibu la kumpa, na wa kwetu sikutaka kuwataja.

Mchana wote tulikuwa kwenye mpira wao ule wa mviringo wa yai, magari yamezunguka uwanja na kupiga honi kila bao likiingia, na kuhusu uchaguzi hakuna aliyeongea tena. Vituo vilifungwa saa kumi na mbili jioni. Tulikula ugali wa mahindi meupe waliyoyalima wenyewe, mbegu nyingine, si zile zangu, tukawasha televisheni. Walikuwa na mzee mmoja, Antony Green, mchambuzi wa kura ambaye nchi nzima inamjua, na ulikuwa usiku wake wa mwisho wa kazi hiyo. Saa tatu haijafika wakatangaza kwamba chama cha Labor cha waziri mkuu Anthony Albanese kimeshinda. Mgombea wa upande wa pili, Peter Dutton, alikuwa amepoteza hata kiti chake mwenyewe cha ubunge. Akapanda jukwaani usiku ule ule, akasema hatukufanya vizuri, kosa ni langu, na nimeshampigia simu mshindi kumpongeza. Watoto wakaomba tubadilishe chaneli. Mimi nikasema ngoja kwanza. Nikawa nangoja kitu kingine kitokee, kesi, au mtu aseme kura zimeibwa. Shemeji akaniletea chai, akaniambia kumekwisha, nilale.

Naandika haya baada ya Oktoba yetu, ya uchaguzi wa Tanzania wa 2025. Sitaki kulinganisha, waliokuwepo wanajua. Mtandao ulipozimwa shemeji hakutupata, na uliporudi ujumbe wake wote uliingia kwa mkupuo, kuanzia "mko salama?" mpaka ule wa mwisho wenye maneno ya Kirundi ambayo mke wangu alikataa kunitafsiria.

Mwezi wa nane shemeji alikuwa amenitumia picha ya barua. Mdogo wake mwanyumba, kijana anayepanga maboksi ya machungwa, hakwenda kupiga kura ile Jumamosi, alilala. Tume ya uchaguzi ikamwandikia kwa jina, anuani sahihi, kumtaka aeleze sababu ya msingi au alipe dola 20. Ni fedha asiyoitolea jasho hata saa nzima, amelipa. Lakini nilipoongea naye alikuwa bado analalamika. Anasema amezaliwa kambini, ameishi nchi mbili kabla ya hiyo, na hakuna hata moja iliyowahi kumtafuta kwa barua kumuuliza kura yake iko wapi.