Barua ya Magunia ya Mchele

Mwaka 1991, nikiwa na miaka 19, nilipata kazi ya kupiga taipu kwa wakala mmoja wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, Mombasa. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, si mbali na Pembe za Ndovu.

Shuleni nilikuwa nimezoea kwamba Kiingereza cha heshima ni kile kirefu. Barua yangu ya kwanza ilianza: “For the purpose of clearing the goods, and in order to avoid delay”. Mzee mwenye ofisi akachukua kalamu ya risasi, akakata. Ikabaki “To clear the goods and avoid delay”. Maneno 13 yakawa 7.

“Mwanangu, ukija kwangu wasema umekuja kwa madhumuni ya kuniona?”

“La, mzee. Nasema nimekuja kukuona.”

“Basi.”

Tangu siku hiyo nikawa nafyeka kila “in order” niliyoiona.

Ikaja masika. Maji yakaingia godauni, vijana wakapandisha magunia ya mchele juu usiku ule ule, na mimi nikaandika barua ya bima: “We moved the bags upstairs not to lose them.” Mzee akaisoma kwa sauti, mara mbili. Akanivutia kiti.

“Nilinyata kutomwamsha mtoto. Wasemaje hapo?”

Sikio langu likakataa. “Nilinyata nisimwamshe mtoto.”

“Ehe! Sisi kitenzi chenyewe chageuka, hata ‘ili’ si lazima. Mwingereza hana ‘nisi-’. Ukimwachia ‘not to’ peke yake, yachechemea, na msomaji aweza kufikiri wakanusha sababu, kisha angojee uitaje ya kweli.”

Akaandika “in order” juu ya mstari, kwa mwandiko wake mdogo uliolala: “in order not to lose them”. Alisema hata “so as” ingefaa.

Nimekutana na walimu wengi wanaofundisha kwamba “in order to” ni takataka popote ilipo. Wana haki mara nyingi sana. Lakini hawakukaa kwenye kiti kile.

Nikatia karatasi mpya, na kaboni mbili kwa ajili ya nakala. Nilipofika kwenye yale maneno mawili niliyapiga polepole, herufi baada ya herufi, mzee bado amesimama nyuma yangu.