Mazimwi ya Karatasi Kutoka Japani

Aliyekulia Mtwara hahitaji kuelezwa kwamba gogo la mpingo linaweza kuchongwa likatoka shetani mwenye jicho moja na mdomo uliopinda hadi shavuni. Pengine ndiyo maana, katika kusoma habari za picha za Kijapani zinazochapwa kwa mbao, nilivutiwa zaidi na zile ambazo wengi huzipita: karatasi za bei nafuu zilizochorwa mazimwi ili watoto wazikate, wazikunje na kuzichezea.

Katika masimulizi ya Wajapani, mbweha na tanuki, mnyama wa jamii ya mbwa, hujigeuza watu au vyombo, na chombo kikitimiza miaka 100 huweza kupata roho, hata mwavuli mkuukuu ukaota jicho na kurukaruka kwa mguu mmoja. Mchoraji Utagawa Yoshifuji (1828–1887), mwanafunzi wa mchoraji Kuniyoshi, alisifika hasa kwa picha hizi za kuchezea.

Kazi yenyewe haikuwa ya kitoto. Mchoro uliochorwa kwenye karatasi nyepesi ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, kisha mchongaji akaondoa kila sehemu ya ubao isiyo na mstari, akaacha hata unywele mmoja wa zimwi umesimama peke yake. Kila rangi ilikuwa na ubao wake, na pembeni mwa kila ubao zilichongwa alama mbili za kuegemezea karatasi, ili nyekundu ya ulimi isiangukie shavuni. Mchapaji alisugua mgongo wa karatasi kwa kisugulio cha mviringo kilichofunikwa ganda la mwanzi.

Nazithamini picha hizi kwa sababu mchoraji hakuimaliza kazi peke yake. Penye kipande cha kukunja, ni mkono wa mtoto uliomgeuza mtu kuwa zimwi na kumrudisha, mara nyingi kadiri alivyotaka. Zilichakaa zikatupwa, na kwangu mimi huko si kupotea, maana ndivyo zilivyokusudiwa.

Natamani wachongaji wetu wa Mtwara na Newala wajaribu jambo hili pamoja na watoto. Mpingo ni mgumu mno kwa kuanzia. Ubao laini, rangi moja na mgongo wa kijiko cha kusugulia vinatosha, na mashetani wa kuchora tunao tele.